Jagi la Jumapili

Hapa Charleston mende wakubwa hatuwaiti mende.
Tunawaita wadudu wa mkindu,
kama mtu anavyomwita mjomba mlevi "mchangamfu"
ili mgeni asione haya sebuleni.
Lakini jina ni shuka fupi, miguu hubaki nje:
sita, yenye miba, rangi ya chai iliyolala.

Usiku ule wa Agosti mvua ilifurisha mtaro.
Nikawasha taa ya ukumbini, nikamkuta,
urefu wa kidole gumba changu,
akipitisha kipapasio mdomoni
taratibu, kama fundi cherehani
anayelowesha uzi autunge sindanoni.

Nilipiga kandambili. Nikakosa.
Akaruka. Ndiyo, huruka,
na huruka usoni.

Kulipokucha nikanunua makopo manne ya dawa,
nikapuliza hadi paka wa jirani akahama.
Nikavuta friji, nikasugua nyuma yake,
nikajiona mchafu mbele ya picha ya mama,
yeye aliyefua hata matambara ya kudekia
kisha akayapiga pasi.

Usiku wakaja wawili.

Bwana Thaddeus Gadsden alifika Alhamisi,
goti moja bovu, tochi mfukoni, haraka hana.
Aliyatazama makopo, akacheka kwa pua.
"Vernelle, huyu si yule mdogo wa jikoni
anayezaliana nyuma ya friji.
Huyu ni mtu wa nje. Kwao ni chini ya mwaloni,
kwenye majani yaliyooza, kwenye chemba, kwenye kuni.
Hafuati uchafu wako. Anafuata unyevu
na upenyo.
Usihangaike kumuua. Mnyime njia."

Tukaizunguka nyumba.
Kuni alizoegemeza Lucius ukutani mwaka juzi.
Majani yamelalia msingi kama godoro.
Tundu la bomba la jikoni, panya mwenye mimba angepita.
Na chini ya mlango wa nyuma, mstari wa jua.
"Penye mwanga," alisema, "pana ruhusa."

Basi: mpira chini ya mlango, wavu kwenye matundu ya hewa,
silikoni kuzunguka mabomba,
unga wa boriki nyuma ya sinki, kiasi cha vumbi tu,
maana ukirundika atauzunguka
kama wewe unavyozunguka dimbwi.
Kuni tukazipeleka mwisho wa ua.
Mgongo wangu ulilia siku mbili.

Usiku akaja mmoja.

Alirudi. Hakukasirika. Akauliza,
"Kuna bomba lipi humu hulitumii?"
Nikasema hakuna.
Kisha wote wawili tukautazama mlango wa mwisho,
uliofungwa tangu Februari.

Kofia ya plastiki ya mama bado iko kwenye msumari.
Alipiga goti, lile bovu, akamulika tundu la bafu.
"Chini hapa bomba limepinda kama shingo ya bata.
Kwenye pindo hukaa maji kidogo,
na maji hayo ndiyo mlango.
Yamekauka."
Akazima tochi. Alikuwa akimjua mama.

Mimi nilifunga kwa ufunguo
ili harufu ya sabuni yake isitoke.
Sikujua kwamba huko chini, gizani,
nyumba ilikuwa wazi.

Sasa kila Jumapili kabla ya kanisa
naingia na jagi, namimina.
Maji yanashuka, yanagugumia, yanatulia.
Siku nyingine nasema neno. Siku nyingi sisemi.

Juzi usiku nilimkuta mmoja barazani,
chali, anapiga hewa mateke.
Nikamgeuza kwa ncha ya ufagio, sijui kwa nini,
akakimbilia majani yake.
Nikaingia, nikafunga, nikainama.
Nje taa ya mtaani iliwaka;
chini ya mlango, giza tupu.